Mtoto Katika Nyumba ya Tembe

Ndugu msomaji, kila mwaka ifikapo mwezi wa Desemba, kadi za Krismasi huanza kupita mikononi mwa watu. Zamani zilikuja kwa posta zikiwa na stempu. Siku hizi nyingi huja kwa simu, nazo hufika kwa makumi bila ya mtu kwenda sanduku la barua. Njia imebadilika, lakini picha ni ile ile: banda lenye paa la mgongo lililofunikwa na theluji, misonobari imesimama nyuma yake, nyota moja kubwa angani, na chini yake mama mwenye ngozi nyeupe kama maziwa akimtazama mwanawe. Mtu wa Dodoma huipokea kadi hiyo akiwa kivulini, jasho likimtiririka, huku akiyatazama mawingu kama yataleta mvua ya kupandia. Maana kwetu katika uwanda wa kati Desemba si mwezi wa baridi. Ni mwezi wa joto na wa kungoja. Mtama na uwele vinataka kwenda ardhini, na chakula cha mavuno yaliyopita kimekwisha kupungua.

Sisemi kwamba kadi hizo ni mbaya. Ninakuomba tu leo, wewe na jamaa zako mliokaa barazani baada ya chakula cha Jumapili, tuulizane pamoja: picha hii ya kuzaliwa kwa Yesu imetoka wapi? Ni nani aliyelijenga banda hili, na kwa nini alilijenga namna hii?

Kadi ya Krismasi yenyewe ni jambo la juzi juzi. Ile ihesabiwayo kuwa ya kwanza kuchapwa na kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Lakini picha iliyomo ndani yake ni kongwe zaidi, na walioipa sura tunayoijua ni wachoraji wa Ulaya, hasa wale wa Italia wa karne ya 15 na ya 16, zama ambazo huitwa za Mwamko wa sanaa na elimu. Walikuwa wengi, na wengi wao waliichora habari hii ya Bethlehemu mara nyingi. Mimi nimemchagua mmoja tu, Piero della Francesca, mchoraji aliyekuwa pia mwanahisabati, mwenyeji wa mji mdogo wa Borgo San Sepolcro katika nchi ya Toscana, aliyefariki mwaka 1492. Picha yake ya Kuzaliwa kwa Yesu imo katika jumba la National Gallery huko London, lililoinunua mwaka 1874, na wenye simu zenye mtandao wanaweza kuitafuta na kuitazama huku wakisoma.

Ni picha ya rangi za mafuta juu ya ubao, karibu mraba kamili, kila upande kama mita moja na robo. Katikati pamesimama banda. Si banda la kifahari hata kidogo: ni ukuta wa mawe uliobomoka, na juu yake kipaa cha mteremko mmoja ambacho upepo wa Julai wa kwetu ungekichukua asubuhi moja. Mariamu amepiga magoti. Mtoto amelala chini, uchi, juu ya pindo la vazi la buluu la mama yake. Yusufu ameketi juu ya tandiko la punda, mguu mmoja ameukunja juu ya mwingine, nasi twauona unyayo wake, kama tuuonavyo unyayo wa mzee yeyote aliyefika sasa hivi kutoka safari ndefu na ambaye hajali tena nani anamtazama. Nyuma yake wako wachungaji wawili, mmoja ameinua kidole kuonyesha mbinguni. Upande wa pili wamesimama malaika watano wakiimba na kupiga ala za nyuzi, mojawapo ikiwa ya ukoo wa udi, ule ule upigwao katika taarabu. Malaika hao hawana mabawa. Wamesimama pekupeku wakiwa wamevaa magauni, na asiyejua angedhani ni kwaya ya vijana wa mtaa.

Ng'ombe ameinamisha kichwa kumtazama mtoto kwa utulivu mkubwa. Punda, kinyume chake, ameinua kichwa na kupanua mdomo, analia. Kila aliyewahi kulala karibu na punda anajua kwamba mtoto huyo hakupata usingizi. Juu ya paa ametua ndege wa jamii ya kunguru, mweusi na mweupe, anayefanana sana na kunguru wetu wa Dodoma anayetembea sokoni kwa madaha. Na ardhi yote iliyowazunguka watu hawa ni kavu, imepauka, majani yameota kwa vishungi vishungi hapa na pale. Mtu wa Bahi au wa Chamwino akiitazama angeweza kufikiri ni kijijini kwao mwezi wa Agosti.

Lakini si Bahi, wala si Bethlehemu. Tazama upande wa kulia, nyuma ya wachungaji: kuna mji, nyumba zake na minara yake, nao unafanana na Borgo San Sepolcro, mji aliozaliwa Piero. Tazama upande wa kushoto: kuna bonde na vilima kama vile avionavyo mtu akitoka nje ya mji huo kwa miguu. Naam, mchoraji huyu alimzalia Yesu nyumbani kwake mwenyewe, katika vumbi la kwao, na ndege wa kwao juu ya paa. Wala si yeye peke yake. Wachoraji wa kaskazini ya Ulaya walimzalia kwenye theluji kwa sababu kwao Desemba ni theluji, na hao ndio mababu wa kadi yako.

Hebu sasa tuendelee kuchimba kidogo. Ukiisoma Injili ya Luka kwa makini utaona kwamba hakuna ng'ombe wala punda aliyetajwa katika habari ya kuzaliwa. Kuna hori tu. Wanyama hao wawili walichukuliwa katika maneno ya nabii Isaya kuhusu ng'ombe na punda wamjuao bwana wao, wakaingizwa katika masimulizi ya baadaye. Mwaka 1223 Fransisko wa Assisi alifanya ibada ya Krismasi katika kijiji cha Greccio, akaleta hori, majani, ng'ombe na punda walio hai, ili watu wa kijiji wauone umaskini wa tukio lile kwa macho yao. Tangu hapo mtindo ule ukaenea. Hata kule kupiga magoti kwa Mariamu kulienea baada ya maono ya mtakatifu mmoja wa Sweden, Birgitta, aliyezuru Bethlehemu katika karne ya 14. Kabla ya hapo wachoraji wengi walimlaza kitandani kama mzazi mwingine yeyote. Kwa hiyo picha tunayodhani imeshuka ilivyo kutoka mbinguni imejengwa kidogo kidogo, mikono mingi ikiongeza kila mmoja chake.

Je, na banda? Luka halitaji banda. Anasema tu kwamba mtoto alilazwa horini kwa sababu hawakupata nafasi pale pa kufikia wageni. Sisi tumezoea kusikia kwamba walifukuzwa na mwenye hoteli, wakaenda kulala zizini, peke yao. Lakini wapo wataalamu waliozichunguza nyumba za wakulima wa Palestina ambao wanaisoma habari hiyo kwa namna nyingine. Nyumba ya mkulima wa kule, wanasema, ilikuwa moja kwa watu na kwa mifugo. Watu walilala upande ulioinuka, wanyama wakaingizwa usiku upande wa chini karibu na mlango, na hori zilikuwa ndani humo humo, mpakani kati ya watu na ng'ombe. Ikiwa ndivyo, basi mtoto hakuzaliwa porini wala katika banda la upweke. Alizaliwa katika nyumba ya watu iliyokwisha kujaa, wanawake wakihangaika huku na huko, na ndama wakivuta pumzi gizani.

Hapo, ndugu msomaji, kila mwenye asili ya Ugogo ameshajua ninakokwenda.

Nyumba ya tembe, kwa faida ya wasomaji wa Dar es Salaam na Tanga ambao pengine wameiona kupitia dirisha la basi tu, ni nyumba ndefu na ya chini, iliyojengwa kwa miti iliyosimamishwa na kukandikwa udongo. Paa lake ni bapa: boriti, juu yake fito na matawi, juu yake nyasi, na juu ya vyote udongo ulioshindiliwa. Aghalabu huzunguka uwanja kwa pande mbili, tatu au zote nne, na uwanja huo ndio zizi. Ng'ombe wakirudi jioni huingia katikati ya nyumba, wakalala wamezungukwa na vyumba vya mwenye mji, vya wake zake na vya watoto wake. Ndama na vitoto vya mbuzi huingizwa ndani kabisa, karibu na moto, karibu na bibi. Mtu aliyelala humo alisikia usiku kucha ng'ombe wakicheua, na alijua kwa kuwasikia tu kama wako salama.

Ujenzi huo haukutokana na ujinga. Nchi ya kati hupata mvua chache, upepo wake ni mkali, jua lake halina huruma, na miti mirefu iliyonyooka ni adimu. Paa la udongo huzuia joto, halichukuliwi na upepo, na juu yake mama huanika nafaka. Si Wagogo peke yao walioujua ujenzi huo. Wahehe na Warangi nao walijenga tembe. Na ukikumbuka ile habari ya Injili ya Marko juu ya watu wanne waliompandisha mgonjwa wao darini, wakalitoboa dari na kumteremsha ndani kwa sababu mlangoni palijaa watu, utaona kwamba mtoto wa Dar es Salaam huistaajabia sana, maana anawaza mabati na misumari. Mzee wa Mvumi haistaajabii. Paa la udongo hutobolewa kwa jembe, na kesho yake hurudishiwa udongo.

Basi, hili ndilo linaloniuma. Tuna nyumba ambayo kwa paa lake bapa, kwa zizi lake la ndani na kwa watu na mifugo wanaolala chini ya dari moja, iko karibu na nyumba ile ya Bethlehemu kuliko banda lolote la kadi, karibu hata kuliko banda la Piero. Nasi nyumba hiyo tunaionea haya. Kijana aliyesoma na kupata kazi mjini, akioa, hujikuta akitafuta kila sababu ya kutompeleka mkewe kwa bibi, kwa kuwa bibi bado anakaa kwenye tembe. Huenda siku ya Krismasi mwenyewe amepamba sebule yake kwa pamba nyeupe iliyochambuliwa ili ifanane na theluji ambayo hajapata kuigusa.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kusema kwamba watu warudi kwenye tembe. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, paa la udongo huvuja na wakati mwingine huanguka. Moshi ndani huumiza macho na vifua. Na kulala na mifugo kuna maradhi yake, kama bwana afya yeyote atakavyokueleza. Mwaka 1971 ilipoendeshwa Operesheni Dodoma, watu walitoka katika miji iliyotawanyika wakaingia vijijini, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akifanya kazi ya matofali pamoja na wanakijiji. Nyumba bora lilikuwa jambo la haki. Ila kati ya kuiacha nyumba na kuidharau pana tofauti kubwa, na mtoto hujifunza dharau upesi kuliko kitu kingine chochote.

Yuko Mtanzania mmoja aliyelijibu suala hili kwa brashi. Jina lake ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, aliyesomea uchoraji Makerere. Katika miaka ya 1950, akiwa bado kijana, alipewa kazi ya kuchora kuta za kanisa la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a, Kenya, mji ambao wakati huo uliitwa Fort Hall, katika nchi ya Wakikuyu. (Simaanishi Kikuyu yetu ya hapa Dodoma mjini, msije mkaenda kulitafuta kanisa huko.) Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa katika vita vya Mau Mau, kwa hiyo hapakuwa mahali pa mchezo, kila aliyeingia humo alikuwa na maiti wake wa kumkumbuka, na si wote waliokuwa upande mmoja. Njau alichora picha tano kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, uchungu wa Gethsemane na kusulubiwa. Katika zote Yesu ni Mwafrika, na nchi iliyomzunguka ni nchi ya Wakikuyu yenyewe. Mama wa Murang'a aliyeinua macho wakati wa ibada alijiona yeye ukutani.

Mwaka 1965 Njau alikuwa mmoja wa walioanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa huko Nairobi, na amejulikana sana kwa fundisho lake kwamba kunakili kazi ya mwingine ni kumlaza Mungu usingizi. Mimi naliona fundisho hilo kuwa kali, na pengine limezidi kidogo, maana hata Piero alijifunza kwa waliomtangulia. Lakini Piero alipojifunza hakubakia hapo. Alirudi kwao akatazama vumbi la mlangoni pake.

Msomaji Mwislamu, kutoka Kondoa au kwingineko, huenda hadi hapa anajiona mgeni katika mazungumzo haya. La hasha. Katika sura ya Maryamu ndani ya Kurani, uchungu unamchukua Bibi Maryamu hadi kwenye shina la mtende. Yuko peke yake, hakuna nyumba wala hori. Maji yanapita chini yake, naye anaambiwa autikise mti ili tende mbivu zimwangukie. Ni habari nyingine kwa mpango wake, ya jangwa, kivuli na maji, mambo ambayo mtu wa nchi kavu huyaelewa bila ya kuelezwa. Waislamu hawakuichora ukutani, nao wana sababu zao.

Ama kwa habari ya kuchora, uwanda huu wa kati haukungoja mgeni aufundishe. Huko Kolo na katika vilima vinavyopakana napo kuna michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoandikwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia, na ambayo Mary Leakey aliinakili kwa wingi mwaka 1951. Wale wa kale walichora kwa rangi nyekundu ya udongo twiga, pofu, na watu wembamba warefu. Hawakuchora kitu walichosimuliwa na kadi. Walichora kilichopita mbele ya pango.

Tuseme basi kijana mmoja wa Dodoma anataka leo kuchora kuzaliwa kwa Yesu katika nyumba ya tembe. Kazi yake si nyepesi, na ningependa ajue mapema matatizo yake. La kwanza ni mwanga: tembe haina madirisha makubwa, na ndani kuna giza hata mchana. Hilo Correggio, Mwitalia mwingine wa karne ya 16, alikwisha lipatia ufumbuzi katika picha yake ya usiku iliyoko Dresden, ambamo mwanga wote unatoka kwa mtoto mwenyewe na kuwamulika waliomwinamia. La pili ni ng'ombe: awe na nundu. La tatu ni hori, kwa kuwa ng'ombe wetu hupelekwa malishoni na hawalishwi nyumbani kwa hori. Mimi ningemlaza mtoto juu ya ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa, kama walivyolazwa watoto wengi wa huku. Punda hana taabu, yuko kila mahali akibeba madumu ya maji, na namwombea maisha marefu hasa baada ya Umoja wa Afrika kuamua mwaka 2024 kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi zao. Na malaika? Piero aliwapa malaika wake ala za kwao. Nchi iliyomzaa Hukwe Zawose, yule bingwa wa ilimba na zeze aliyefariki mwaka 2003, haiwezi kukosa cha kuwapa malaika. Na wanawake wa Kigogo wakiingia na ngoma zao za muheme, punda atanyamaza.

Wabakie wachungaji. Katika picha ile ya Piero, kwa miaka mingi sana wachungaji wale wawili hawakuwa na nyuso za kutazamika. Rangi ilikuwa imesuguliwa na kuliwa hadi mti wa ubao ukaonekana pale ambapo palipaswa kuwa na macho na mdomo. Mafundi wa jumba lile walimaliza kuitengeneza picha mwaka 2022 na kuwarudishia nyuso. Wako waliofurahi, na wako waliolalamika kwamba nyuso hizo si kazi ya mkono wa Piero. Mchoraji wetu hana haja ya kuingia katika ugomvi huo. Atoke tu nje ya mji saa kumi na moja jioni, barabara ya Hombolo au ya Mvumi, ng'ombe wanaporudi. Nyuma yao atamkuta kijana mwenye fimbo begani, vumbi limemfika kwenye nyusi, anayemjua kila ng'ombe kwa rangi yake na kwa tabia yake. Amsimamishe huyo, kwa adabu, amwombe akae dakika chache, na aanze na uso.